Fannie Farmer: Mwanamke aliyetufundisha kukata kilima cha kijiko

Shika simu yako, ingia mtandaoni, tafuta namna ya kuoka keki. Utaambiwa unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, beking poda kijiko kimoja cha chai. Poa. Sasa simama hapo jikoni kwako, hata kama jiko lenyewe ni meko ya gesi kando ya kitanda, ujiulize: kikombe gani? Kile cha chai ulichopewa zawadi, kile cha plastiki cha kuchotea maji, ama kile cha bati cha shosho kinachobeba chai ya watu wawili? Na kijiko je? Kijae mpaka kiwe na kilima juu, ama kiwe sawa na ukingo?

Usidhani ni swali la mchezo. Keki si sukuma wiki. Sukuma ukizidisha kitunguu, bado utaila na ugali. Keki ukizidisha unga inatoka tofali, na pesa za mayai na siagi zimeenda hivyo hivyo.

Kuna mwanamke aliyelishika swali hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita na hakuliachilia mpaka akafa. Anaitwa Fannie Merritt Farmer, wa mji wa Boston, Marekani. Kwao wanamkumbuka kama mama wa vipimo vilivyosawazishwa. Lakini wacha nikuambie, maisha yake hayakuanza na vikombe. Yalianza na mguu uliokataa kutembea.

Msichana aliyekatiziwa masomo

Fannie alizaliwa tarehe 23 Machi 1857. Baba yake alikuwa mpiga chapa na mhariri, na nyumbani walikuwa mabinti wanne, yeye akiwa kifungua mimba. Wazazi wake walikuwa watu wa kuamini kwamba msichana asome, jambo ambalo enzi hizo halikuwa la kila nyumba. Mpango ulikuwa wazi: amalize sekondari ya Medford, nje kidogo ya Boston, halafu aingie chuo.

Akiwa na miaka 16, akapatwa na kiharusi. Mwili ukapooza. Kwa miaka kadhaa hakuweza kutembea, akawa ni wa kutunzwa na wazazi nyumbani. Shule ikaishia hapo.

Sisi tuliotoka shuleni ama chuoni bila cheti, iwe ni karo, ni ugonjwa ama ni maisha tu, tunajua kinachofuata. Wenzako wanasonga. Wewe uko palepale, na kila mgeni anayekuja anauliza unafanya nini siku hizi. Sasa ongeza kwamba huyu ni msichana wa miaka ya 1870, hawezi hata kutoka nyumbani mwenyewe, na kazi za mwanamke wa nyumba ya heshima zinahesabika kwa vidole.

Pole pole nguvu zikarudi kiasi, ingawa alibaki akichechemea maisha yake yote. Akaanza kupika pale nyumbani. Nyumba ya mama yake ikawa inapokea wapangaji wa kulala na kula, na sifa za chakula chake zikaenea. Baadaye akaajiriwa kusaidia kazi katika nyumba ya familia moja, na humo hamu yake ya mapishi ikazidi. Watu wakamsukuma: nenda ukasomee hii kitu.

Basi akaenda. Alijiunga na shule ya mapishi ya Boston akiwa na miaka kama 30, darasani na watu ambao wengi walikuwa wadogo kwake. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1879 ili wanawake wajifunze upishi na waweze kujipatia riziki nao. Fannie alimaliza mwaka 1889, na walimu wake hawakumwachilia aende. Walimweka awe msaidizi wa mkuu wa shule, na miaka michache baadaye ukuu wenyewe ukawa wake.

Siagi kiasi cha yai

Ili uelewe alichofanya, lazima ujue watu walikuwa wakipika vipi. Vitabu vya mapishi vya zamani vilisema weka siagi kiasi cha yai. Yai la kuku gani? Vilisema unga wa kutosha, chumvi kidogo, kikombe cha chai cha hiki, glasi ya divai ya kile. Kama umekulia jikoni kando ya mama, unaelewa. Mkono wako umeshajua, macho yako yameshajua.

Ndivyo hata sisi tunavyopika chapo. Muulize mama unga kiasi gani, maji kiasi gani, atakuambia utaona tu unga ukishikana. Na yeye hakudanganyi. Kipimo chake kiko kwenye vidole. Shida ni kwamba vidole havitumwi kwa simu. Wewe uko Nairobi, yeye yuko kijijini, na unga wako unashikana na sufuria badala ya kushikana wenyewe.

Fannie alikuwa anafundisha watu wa aina hiyo hasa. Boston ilikuwa inajaa wageni na vijana waliotoka mbali na mama zao. Wengine walikuja shuleni wapate kazi ya kupika kwenye nyumba za watu. Mtu kama huyo humwambii aonje mpaka ajue. Atajuaje na hajawahi kuonja?

Hakuwa wa kwanza kufikiria vipimo, tusidanganyane. Mary Lincoln, aliyeongoza shule hiyo kabla yake, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1884 chenye vipimo ndani. Vikombe maalum vya kupimia vilikuwa vimeanza kuuzwa madukani. Alichofanya Fannie ni kukaza uzi. Kikombe kiwe kile chenye alama, si chochote ulichookota kabatini. Kijiko kiwe kile cha kupimia. Na vyote, kila mara, bila kubembelezana, viwe sawa na ukingo.

Namna ya kujaza

Mwaka 1896 akatoa kitabu chake cha mapishi cha shule ya Boston. Peleka ombi kwa mchapishaji leo ukiwa huna jina uone. Kampuni ya Little, Brown ya Boston haikuona kama kitauza. Ikakubali kuchapisha nakala 3,000 tu, tena kwa gharama yake mwenyewe Fannie. Yeye akalipa, lakini haki za kitabu akabaki nazo. Kumbuka hapo, tutarudi.

Ndani ya kitabu, kabla hata hujafika kwenye mkate, anakuketisha chini na kukuonyesha namna ya kupima. Unga uchekechwe kwanza. Halafu uutie kwenye kikombe kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka upande juu ya ukingo. Chukua kisu, pitisha mgongo wake juu ya kikombe, kile kilima kianguke. Usikitikise kikombe, wala usikigongegonge mezani, kwa sababu unga utashuka na utaongeza mwingine bila kujua.

Unataka nusu kijiko? Jaza kijiko, sawazisha, kisha gawa kwa kisu kwa urefu, toa upande mmoja. Unataka robo? Ile nusu igawe tena kwa upana. Vijiko vitatu vya chai vinafanya kijiko kimoja cha mezani. Vijiko 16 vya mezani vinafanya kikombe kimoja. Basi. Hata mtu ambaye hajawahi kuwasha jiko anaweza.

Halafu akaweka jedwali dogo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa hiki kitabu. Jedwali la kugeuza vikombe kuwa uzito. Siagi iliyoshindiliwa, vikombe 2 ni ratili moja. Sukari, vikombe 2 ni ratili moja. Unga wa ngano, vikombe 4 ndipo upate ratili moja.

Soma tena hapo. Kikombe ni kilekile, lakini unga wake una nusu ya uzito wa sukari. Ratili ni kama gramu 454. Kwa hivyo kwa hesabu ya Fannie kikombe cha sukari ni karibu gramu 227, na cha unga ni karibu gramu 113. Kikombe kinapima nafasi. Mizani inapima uzito. Ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya ndiye anayekula tofali.

Sasa tuje jikoni kwako

Fannie alichagua kikombe kwa sababu kikombe ni rahisi. Si kila nyumba ilikuwa na mizani, lakini kikombe kila mtu angeweza kununua. Wamarekani wakamfuata, na mpaka leo wanapika kwa vikombe. Ulaya wakabaki na mizani yao, wanakuandikia gramu. Wewe wa hapa katikati, mapishi ya leo ni ya Mmarekani, ya kesho ni ya Mfaransa, inabidi ujue kugeuza.

Kikombe cha Kimarekani kinaingia mililita 237 hivi. Kuna nchi zingine zinazotumia kikombe cha mililita 250. Kijiko cha mezani cha kupimia ni mililita 15, cha chai ni mililita 5. Huna kikombe cha kupimia? Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Maji nusu ya chupa hiyo ni mililita 250. Mimina kwenye kikombe chako, tia alama yanapofika. Ukitaka cha Kimarekani, punguza kijiko kimoja cha mezani. Tayari una kipimo, na hujatumia hata shilingi.

Kwa mapishi ya siku hizi shika hizi hesabu kwa kikombe kimoja cha Kimarekani. Unga wa ngano ni kama gramu 120 hadi 125. Sukari ni 200. Siagi ni 227. Maji ni 237. Mafuta ya kupikia ni pungufu ya maji, kama 218. Asali inafika 340. Umeona? Kikombe cha asali kinakaribia uzito wa vikombe vitatu vya unga. Kwa hivyo mtu akikuambia kikombe kimoja ni gramu 250 za kila kitu, achana naye.

Sukari ya kilo moja, basi, ni vikombe 5. Unga wa kilo mbili ni vikombe 16 hivi. Ukishajua hayo unaweza kupiga hesabu ya keki kabla hujaenda dukani.

Na ile habari ya kutotikisa kikombe si madoido. Ukichota unga kwa kuzamisha kikombe ndani ya pakiti, unaushindilia, na kikombe kimoja kinaweza kubeba gramu 140 hata 150. Kwenye vikombe vinne hapo unaweza kuwa umeongeza karibu kikombe kizima ambacho hakikuitwa. Halafu unalaumu beking poda.

Usifikiri hizi ni shida za wazungu pekee. Pwani, kabla ya kilo, watu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na vyote hivyo vinapima nafasi. Sokoni mpaka leo tuna gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili uliogeuzwa kuwa kipimo. Gorogoro ya maharagwe na gorogoro ya unga hazina uzito mmoja. Na wewe unajua vizuri mchezo wake: muuzaji mmoja anakupandishia kilima mpaka nafaka zinamwagika, mwingine amebonyeza mkebe chini, umeingia ndani. Bei ni moja, mzigo si mmoja. Kipimo kisipokuwa kimoja, kuna mtu anaumia, na mara nyingi ni yule asiyejua.

Sokoni kile kilima ni haki yako, kidai. Jikoni kikate.

Kutoka keki hadi kitanda cha mgonjwa

Turudi kwa Fannie na zile nakala zake 3,000. Ziliisha. Zikachapishwa zingine, zikaisha. Kitabu ambacho mchapishaji alikiogopa kikaingia jikoni kote Marekani, na baada ya miaka mingi hesabu ikaenda kwenye mamilioni. Kwa sababu haki zilikuwa zake, faida ilimfikia yeye. Kampuni iliyodhani inamwachia mzigo, kumbe ilimwachia shamba. Wewe unayeweka kazi yako mtandaoni ama unayesaini mkataba wa muziki, hapo pasome mara mbili.

Mwaka 1902 akaiacha shule ya Boston akafungua yake, ikibeba jina lake. Ungetarajia afundishe keki za harusi tu, kwa sababu ndizo zenye pesa. Lakini Fannie alikuwa amelala kitandani miaka mingi akiletewa chakula na wengine. Alijua mgonjwa anaangaliaje sahani. Kwa hivyo akawafundisha wauguzi namna ya kupikia wagonjwa, na akatoa mihadhara juu ya chakula cha wagonjwa kwenye shule ya udaktari ya Harvard. Fikiria: yule msichana ambaye chuo kilimpita, sasa anasimama mbele ya madaktari wa Harvard kuwaeleza jambo ambalo hawakulisomea.

Mwaka 1904 akatoa kitabu cha chakula cha wagonjwa na wanaopata nafuu. Ndicho alichokithamini kuliko vyote alivyoandika, hata kuliko kile kilichompa jina. Humo aliandika kwa kirefu juu ya ugonjwa wa kisukari. Sasa angalia mwaka. Insulini ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mwaka 1904 mgonjwa wa kisukari hakuwa na dawa ya kutegemea zaidi ya chakula chenyewe. Kuzidisha mkate haikuwa kuharibu keki, ilikuwa kuharibu mtu. Kwenye nyumba kama hiyo, kukadiria kwa macho hakutoshi, na kijiko kilichosawazishwa kinaacha kuwa mambo ya mwalimu mkali. Kinakuwa matibabu.

Kama nyumbani kwenu kuna mzazi ama shosho mwenye kisukari ama presha, unajua ninachosema. Daktari anaagiza chumvi ipunguzwe, wali upunguzwe. Ipunguzwe kutoka ngapi hadi ngapi? Kama haukuwa ukipima, hujui ulikuwa wapi, na huwezi kujua kama umepunguza.

Siku kumi za mwisho

Miguu iliyomsumbua tangu utotoni ikamshinda tena. Miaka yake ya mwisho Fannie alifundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliendelea kubuni mapishi, na pamoja na dada yake Cora wakawa wanaandika kwenye gazeti moja la akina mama kwa karibu miaka kumi. Gazeti la jioni la Boston lilikuwa likichapa mihadhara yake, na magazeti mengine yakiichukua.

Mhadhara wake wa mwisho aliutoa siku kumi tu kabla ya kufa. Alikufa Januari 1915, akiwa na miaka 57. Hakuolewa, hakuacha mtoto. Aliacha kitabu kinachochapishwa mpaka leo kikiwa na jina lake juu, kikiwa kimefanyiwa marekebisho mara nyingi na wengine waliokuja baadaye.

Kuna watu wanaomlaumu. Wanasema alitoa utamu jikoni, akafanya kupika kuwe hesabu, na kwamba mpishi wa kweli hapimi. Sikatai kwamba mpishi wa kweli hapimi. Mama yangu hapimi, na chapo zake hazina mpinzani. Lakini mpishi wa kweli alifundishwa na mtu, kwa miaka, akisimama karibu naye. Fannie aliwaza juu ya yule asiye na mtu wa kusimama karibu naye. Aliyehamia mji asioujua, aliyefiwa na mama mapema, mgonjwa aliyepona nusu na anataka kujipikia mwenyewe. Kwa huyo, kijiko kilichokatwa kilima ni mlango.

Kwa hivyo ukienda nyumbani safari ijayo, fanya hivi. Beba kikombe chako chenye alama. Mama akianza kukanda unga wa chapo ama mandazi, kabla hajatia mkono, mwombe apitishie unga wake kwenye kikombe chako, na maji pia, na chumvi kwenye kijiko. Atacheka, atakuambia umeharibiwa na mji. Mwache acheke, lakini andika hesabu. Siku moja mkono huo hautakuwepo, na utabaki na namba tu za kukurudisha kwenye ladha ile.